Tumbo Baada ya Kisu: Kahawa, Ndizi na Majani Machungu ya Kagera

Kila asubuhi daktari anapopita wodi ya upasuaji, mgonjwa aliyekatwa utumbo huulizwa swali ambalo nje ya hospitali lingekuwa utovu wa adabu: "Mzee, umeshapitisha hewa?" Kwa baba wa Kihaya mwenye miaka sabini, mkwewe akiwa amekaa pembeni ya kitanda, swali hilo hutia aibu. Lakini jibu la ndiyo ni habari njema kuliko zote siku hiyo, kwa maana utumbo umeamka.

Tumbo likifunguliwa na utumbo ukashikwashikwa, hata kwa mikono ya mpasuaji hodari, utumbo husimama. Neva zinazozuia mwendo wake huwa kali kuliko kawaida, na saa chache baadaye chembe za kinga humiminika ndani ya misuli yake na kuivimbisha. Utumbo mwembamba kwa kawaida hurudi kazini ndani ya saa 24. Mfuko wa chakula huchukua siku moja hadi mbili, na utumbo mpana hufuata mwisho, siku ya pili au ya tatu. Dawa za maumivu za jamii ya mofini huurefusha usingizi huo, kwani zinafanya kazi kwenye neva za utumbo kama zinavyofanya kwenye ubongo. Dripu nyingi kupita kiasi huvimbisha kuta za utumbo, na potasiamu ikipungua katika damu misuli hulegea. Kwa mzee mambo haya huelemea zaidi. Utumbo una neva zake wenyewe, zaidi ya milioni 100, na hupungua kadiri umri unavyosogea. Kiu pia hupungua, hivyo mzee anaweza kukauka bila kuomba maji.

Wazee wengi wa ukanda wetu hufika kwenye meza ya upasuaji kwa sababu ya utumbo mpana kujisokota. Sehemu ya mwisho ya utumbo huo huwa ndefu na nzito, hujizungusha kwenye shina lake, ikajifunga na kukata damu. Afrika Mashariki ni miongoni mwa sehemu za dunia ambako ugonjwa huu huonekana mara nyingi. Mwaka 2015 madaktari Phillipo Chalya na Joseph Mabula wa Bugando, Mwanza, hospitali ya kanda inayopokea rufaa kutoka Kagera, walichapisha uzoefu wa miaka kumi wa kuutibu. Wanaume walikuwa wengi kuliko wanawake kwa mbali. Chakula chenye nyuzinyuzi nyingi hutajwa miongoni mwa sababu. Ni chakula hichohicho ambacho Denis Burkitt, mpasuaji aliyefanya kazi Mulago, Kampala, alikisifu mbele ya dunia baada ya kuona kwamba watu wa vijijini Afrika Mashariki walipata choo laini na kikubwa, na saratani ya utumbo mpana ilikuwa adimu kwao. Yote mawili yana uzito wake, na familia inayopika ndizi na maharage kila siku inafaa iyajue yote mawili.

Upasuaji ukishapita, iwe Hospitali ya Rufaa ya Mkoa pale Bukoba au Rubya, Ndolage na Kagondo kule Muleba, kazi ya kumlisha mgonjwa huwa ya ndugu zake. Wao ndio wanaofika na chupa ya uji, majani yaliyofungwa kwenye kitambaa, na siku hizi kopo la poda ya Kihindi ambalo mjukuu ameliagiza kwa simu. Kwenye kopo pameandikwa Ayurveda.

Ayurveda ni tiba ya kale ya India, na haikuwa ngeni kwa kisu. Kitabu cha Sushruta, kilichokamilika zaidi ya miaka 1,500 iliyopita, kinaeleza namna ya kuziba tundu la utumbo kwa kuwaacha chungu wakubwa weusi waume kingo zake, kisha kuwakata viwiliwili na kubakiza vichwa kama mshono. Hata huku kwetu tumbo lilifunguliwa kabla ya hospitali kuwapo. Mwaka 1879, Kahura katika Bunyoro, kaskazini ya mpaka wetu wa leo, Mwingereza Robert Felkin alishuhudia mganga akimpasua mama mjamzito. Pombe ya ndizi ilitumika kumlevya mama huyo na kuosha tumbo na mikono. Jeraha lilifungwa kwa misumari myembamba ya chuma, likapakwa mizizi iliyotafunwa na kufunikwa kwa jani la mgomba. Mama na mtoto walipona. Nayataja haya kwa sababu wapo wanaodhani elimu ya tumbo ilianza na meli za wazungu.

Katika Ayurveda mmeng'enyo huitwa agni, yaani moto, na moto uliodhoofika haubebeshwi magogo. Kwa hiyo kuna ngazi ya vyakula. Mgonjwa huanza na maji ya wali yaliyo mepesi sana, kisha uji mzito, kisha mchuzi wa choroko, halafu supu ya nyama, ndipo arudi kwenye chakula cha nyumbani. Ngazi hiyo iliandikwa hasa kwa ajili ya mtu aliyetoka kusafishwa mwili kwa dawa za kutapisha na kuharisha, na waganga wa leo huitumia pia baada ya maradhi makubwa.

Sayansi ya upasuaji imekubaliana na nusu ya hekima hiyo. Zamani hospitali zilimnyima mgonjwa chakula mpaka hewa itoke, hata siku nne au tano. Katika miaka ya 1990 Henrik Kehlet, mpasuaji wa Denmark, alianza kuupinga utaratibu huo. Wagonjwa wake walikula mapema, wakatembea mapema, wakapewa mofini kidogo na dripu ya kiasi, na wakarudi nyumbani upesi. Majaribio yaliyofuata yalionyesha kwamba kwa walio wengi, kuanza kunywa na kula ndani ya saa 24 baada ya kuungwa utumbo hakuvunji mshono. Kwa hiyo kuanza na kilaini ni sawa. Kumwekea mzee masharti ya uji mtupu kwa wiki mbili si sawa hata kidogo, maana mwili unaoponya jeraha unadai protini, karibu gramu moja na nusu kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mzee wa kilo 55 anahitaji gramu 80 hivi, na uji wa maji hauwezi kuzitoa hata akinywa ndoo.

Kagera ina kila kitu cha kujenga ngazi hiyo bila kuagiza kopo. Daktari akiruhusu, mzee aanze na uji mwembamba wa ulezi uliochujwa, kisha uji wenye maziwa, kisha mchuzi wa sato au sangara aliyetolewa miiba, na choroko zilizopondwa. Ndizi iliyopikwa ikaiva na kupondwa inastahili sifa ya pekee. Ina potasiamu nyingi, madini yaleyale ambayo yakipungua utumbo hulala. Ndizi mbichi ikipikwa pia hubakiza wanga ambao utumbo mwembamba haumeng'enyi; unafika kwenye utumbo mpana, bakteria wanauchachusha, na kutoka humo hutengenezwa tindikali ya butireti, chakula kikuu cha chembe zinazojenga ukuta wa utumbo mpana. Mwaka 2001 watafiti wa Bangladesh walionyesha kwamba watoto wenye kuharisha kusikokoma walipona haraka zaidi walipopewa ndizi mbichi iliyopikwa. Watoto wa Bangladesh si wazee wa Kamachumu, lakini utumbo unafanya kazi kwa kanuni ileile. Mzee mwenye figo mbovu ndiye asipewe ndizi nyingi kabla daktari hajapima potasiamu yake. Katogo ya utumbo wa ng'ombe, maharage yenye maganda na senene wa kukaanga vingoje mpaka choo kiwe cha kawaida.

Kisha kuna kahawa. Mwaka 2012 wapasuaji wa Heidelberg, Ujerumani, walichapisha jaribio la wagonjwa 80 waliokatwa sehemu ya utumbo mpana. Nusu walipewa kahawa, mililita 100 mara tatu kwa siku, na nusu maji. Waliokunywa kahawa walipata choo cha kwanza baada ya wastani wa saa 60, wenzao saa 74. Jaribio jingine, la Lithuania, lilipata matokeo ya namna hiyo hata kwa kahawa iliyoondolewa kafeini, kwa hiyo si kafeini peke yake inayouamsha utumbo. Nimesoma matokeo haya kwa furaha ya mtu anayeijua Bukoba, mji ambamo kahawa hunywewa na pia hutafunwa, ikiwa imechemshwa na majani yenye harufu na kukaushwa, na mgeni hukaribishwa kwayo kabla ya kuulizwa shida iliyomleta.

Hata kutafuna kuna ushahidi wake. Mdomo ukitafuna, neva ya vagasi huliarifu tumbo kwamba chakula kinakuja. Mate hutoka, homoni hutoka, utumbo husukuma. Mapitio ya mwaka 2015 yalikusanya majaribio 81 yenye washiriki zaidi ya 9,000 waliotafuna bigijii baada ya upasuaji. Faida ilionekana, ingawa ndogo, na majaribio mengi hayakuwa imara. Kahawa yetu ya kutafuna haikuwemo katika majaribio hayo, na robusta ina kafeini karibu mara mbili ya arabika. Mzee asiye na meno, au mwenye moyo unaodunda ovyo, asipewe punje hizo. Kikombe kidogo cha kahawa nyepesi, kwa ruhusa ya wodi, kinatosha.

Sasa majani. Profesa Mainen Moshi wa Taasisi ya Tiba Asili, Muhimbili, na wenzake walifika Bugabo na Katoro kule Bukoba, na kijiji cha Kikuku kule Muleba, wakaandika mimea ambayo waganga wa Kihaya hutumia. Taarifa zao zilitoka mwaka 2009, 2010 na 2012, na kwangu ni miongoni mwa kazi za thamani kubwa zilizowahi kufanywa juu ya mkoa huu, kwa sababu wazee wanaoijua mimea hiyo wanaondoka mmoja mmoja. Mmea unaotajwa zaidi majumbani tumbo likisumbua ni mubirizi, wenye majani machungu. Sifa zake si za binadamu peke yake. Mwaka 1987, katika milima ya Mahale huko Kigoma, Michael Huffman na Mohamedi Seifu Kalunde, Mtongwe aliyeijua misitu ya kwao, walimwona sokwe mtu jike mgonjwa akimenya shina la mmea huohuo na kufyonza maji yake machungu. Siku iliyofuata hamu ya chakula ilikuwa imemrudia. Mwaka 2011 watafiti wa Ubelgiji walichapisha jaribio la kuwapa panya vitu vichungu moja kwa moja tumboni. Panya walikula zaidi kwa nusu saa ya kwanza, kisha mfuko wa chakula ukachelewa kujimwaga.

Matokeo hayo ya panya yanafundisha jambo kubwa. Jani linaloleta hamu ya kula kwa mtu mzima mwenye afya laweza kuchelewesha tumbo ambalo bado limelala. Mubirizi pia umeonekana kushusha sukari katika wanyama wa maabara, na mzee mwenye kisukari aliye kwenye dawa, asiyekula vizuri, anaweza kuzimia. Hukumu yangu ni kwamba mubirizi, sanamaki na mshubiri vikae mbali na mgonjwa mpaka mpasuaji amwone kliniki na kuridhika na mshono. Sanamaki na mshubiri huukamua utumbo kwa nguvu, na mshono mchanga haukuwekwa kwa ajili ya kukamuliwa. Triphala, poda maarufu ya Ayurveda ya matunda matatu, nayo hulainisha choo, kwa hiyo iingie katika katazo hilohilo. Maganda ya isabgol, dawa nyingine ya Kihindi ya kulainisha choo, hufura yakipata maji. Kwa mzee asiyekunywa vya kutosha yanaweza kuziba palepale palipoungwa.

Makopo hayo yana hatari nyingine. Mwaka 2004 Robert Saper na wenzake walichapisha vipimo vya bidhaa 70 za Ayurveda walizonunua katika maduka ya eneo la Boston, Marekani. Bidhaa 14 zilikuwa na risasi, zebaki au aseniki. Mwaka 2008 walichapisha vipimo vya nyingine 193 zilizouzwa kwenye intaneti, na moja katika kila tano ilikuwa na metali hizo. Risasi ikijaa mwilini huleta tumbo la kukata na kufunga choo. Mzee anaweza kunywa dawa ya kufungua choo na kumbe ndiyo inayokifunga. Tanzania ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 na Baraza linaloisimamia. Kopo lisilosajiliwa na Baraza hilo lisifike kitandani kwa mgonjwa.

Kitu kimoja hakina kopo wala jani, nacho hupuuzwa kwa sababu ya huruma. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walichapisha jaribio la kuwalaza wazee wenye afya njema kitandani kwa siku kumi. Wazee hao walipoteza karibu kilo nzima ya misuli ya miguu. Mgonjwa aliyepasuliwa hupoteza zaidi, na kutembea huuamsha utumbo na kuzuia damu kuganda. Mwana anayesema "Tata apumzike" anamtakia mema baba yake, lakini mgonjwa akae kitini siku ileile ya upasuaji au kesho yake, kisha asindikizwe hadi mlangoni na kurudi.

Ndugu unayemuuguza mzee, peleka majani na kopo lake kwa muuguzi, muoneshe waziwazi. Mpasuaji asiyejua mgonjwa amekunywa nini hawezi kumsaidia. Na ikumbuke siku ya tano hadi ya saba baada ya upasuaji, ambapo mshono ulioshindwa hujitokeza zaidi, ingawa unaweza kuvuja kabla au baada yake. Homa, tumbo kuvimba na kuwa gumu, kutapika nyongo, moyo kwenda mbio, au mzee kuanza kuchanganyikiwa na kusahau yuko wapi: ukiona moja kati ya hayo akiwa nyumbani, usimpe chochote cha kufungua tumbo wala usingoje kupambazuke. Mrudishe hospitali usiku uleule.