Kifaa hunasa sauti, ubongo ndio hujifunza

Kama unaishi Kibamba karibu na Barabara ya Morogoro, honi za malori unazijua. Je, una mtoto mchanga ambaye honi ikilia hashtuki kabisa? Usishukuru kwamba amejaliwa usingizi mzito. Mpeleke akapimwe masikio.

Nasema hivyo kwa sababu msaada upo. Mwaka 2017 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kupandikiza vifaa vya kusaidia kusikia. Kabla ya hapo watoto walipelekwa nje ya nchi, hasa India. Kifaa hiki hakikuzi sauti. Sehemu yake ya nje huinasa na kuichambua, kisha ishara za umeme hupita kwenye waya mwembamba uliowekwa ndani ya koklea, ile sehemu ya sikio iliyojikunja kama konokono. Waya huo huwa na vituo vya umeme kati ya 12 na 22 tu, wakati sikio zima lina takriban chembe 15,000 za kunasa sauti.

Basi mtoto anaelewaje? Siku kifaa kinapowashwa, haelewi. Wengine hulia kwa kushtuka. Lakini kila neno "mama" linapokuja pamoja na sura ya mama, viungo kati ya chembe za ubongo huimarika, kama njia ya mguu kwenye majani: ikipitwa sana huonekana, ikiachwa huota nyasi.

Wahandisi wanajaribu kuiga jambo hilo. Leon Chua alieleza mwaka 1971 kifaa kiitwacho memrista, na mwaka 2008 watafiti wa HP wakatangaza kukitengeneza. Ukinzani wake hubadilika kufuatana na umeme uliokwisha kupita, na hubaki hivyo hata umeme ukikatwa. Yaani kinakumbuka. Inavutia, lakini kipandikizi cha sikio hakifanyi hivyo. Hakijifunzi kwa niaba ya mtoto.

Ndiyo maana umri ni muhimu. Aliyezaliwa kiziwi hufaidika zaidi akipandikizwa mapema, hasa kabla ya kufikisha miaka mitatu, ubongo ukiwa bado mwepesi wa kutengeneza njia hizo. Baadaye sehemu ya kusikia huanza kutumiwa na macho. Kila mwezi wa "hata baba yake alichelewa kuongea" unatoka kwenye muda huo. Na baada ya upasuaji kuna miaka ya mazoezi ya kusikia na kuongea, sehemu kubwa nyumbani, kwa mdomo wako wewe mzazi.

Anzia zahanati au kituo cha afya, uombe rufaa ya daktari wa masikio, pua na koo. Mloganzila ni jirani zako. Mweleze kama mtoto alizaliwa njiti au alipata manjano makali. Kama aliugua homa ya uti wa mgongo, usisubiri: mfupa unaweza kuota ndani ya koklea na kuziba njia ya waya, wakati mwingine ndani ya wiki chache.