Je, Wajua? Jasho la vioo vya basi la ghorofa

Asubuhi ya Januari jijini London, abiria wa ghorofa ya juu hufuta kioo kwa kiganja ili aone kituo chake. Maji anayoyafuta hayakuvuja kutoka nje. Ni pumzi za abiria wenyewe, pamoja na makoti na miavuli iliyolowa mvua. Hewa ya nyuzijoto 20 huweza kubeba takriban gramu 17 za mvuke kwa kila mita ya ujazo. Ikipozwa na kioo hadi nyuzi 5 hubeba 7 tu. Ziada yote huwa matone.

Dawa ni kufungua dirisha, ila nani atakubali ile baridi? Mabasi ya ghorofa ya London aina ya New Routemaster, yaliyoanza kazi 2012, hayakuwa kabisa na madirisha ya kufunguka. Madirisha hayo yaliwekwa baadaye, na kilichoyaleta ni malalamiko ya joto la kiangazi.