Goti, na Maradhi Yanayoliharibu

Wakati wa kuokota korosho huko Mkotokuyana, katika wilaya ya Nachingwea, huonekana wazee shambani wakiinama na kuchuchumaa, na kila watakapo kusimama hujishika magoti kwanza. Ukiwauliza, watakuambia ni baridi yabisi, au ni uzee tu. Maradhi ya viungo ni ya namna nyingi, lakini yaliyoenea kupita yote ni haya yanayoharibu gegedu. Yafaa tujue jinsi yanavyoingia.

Kiungo ni mahali mifupa inapokutana. Ncha za mifupa hiyo zimefunikwa na gegedu, kitu cheupe chenye kuteleza, kama kile ukionacho mwishoni mwa mfupa wa kuku. Kiungo chote kimo ndani ya mfuko, na mfuko huo hutoa ute unaokilainisha, kama mafuta katika bawaba za mlango. Lakini gegedu si kama chuma cha bawaba, maana lina uhai. Halina mishipa ya damu. Chakula chake hukipata katika ute ule. Mtu akikanyaga, gegedu hukamuliwa kama sifongo. Akiinua mguu, hunyonya ute tena. Kwa hiyo kiungo kisichotumika hukosa chakula.

Maradhi huanza polepole, haba na haba, kwa miaka mingi. Kwanza uso wa gegedu hukwaruzika. Kisha hupasuka, na vipande vidogo humomonyoka. Mwili hujaribu kulitengeneza, lakini kazi ya kubomoa huishinda kazi ya kujenga. Gegedu likiisha kuwa jembamba, mfupa ulio chini yake hulemewa, nao huwa mgumu kupita kiasi, na pembeni huota vinundu vya mfupa. Mfuko nao pengine huvimba na kujaa maji. Tena gegedu halina mishipa ya fahamu. Maumivu hutoka katika mfupa na mfuko, basi yanapoanza, mara nyingi uharibifu umekwisha kwenda mbali. Ndipo mtu huogopa kutembea, misuli ya paja hudhoofika, na goti lisiloshikwa na misuli yenye nguvu huumia zaidi.

Hupatwa zaidi wenye umri mkubwa, wanawake kupita wanaume, watu wanene, waliowahi kuumia goti, na wale ambao kazi yao ni kuchuchumaa, kupiga magoti na kubeba mizigo mizito. Uchawi haumo. Shirika la Afya Duniani lilihesabu kwamba mwaka 2019 watu kama milioni 528 walikuwa na maradhi haya, na milioni 365 kati yao waliumwa magoti.

Hakuna dawa iliyothibitika kurudisha gegedu lililokwisha, lakini mgonjwa aweza kusaidiwa. Atembee kwa kiasi kila siku. Aketi kitini, anyooshe mguu mmoja, ahesabu hata tano, aushushe, apate kuimarisha misuli ya paja. Akiwa mnene, apunguze uzito. Fimbo aishike kwa mkono ulio upande wa pili wa goti linalouma. Dawa za maumivu atumie kwa shauri la daktari. Goti lililoharibika kabisa laweza kubadilishwa kwa goti la chuma na plastiki. Kazi hiyo hufanywa katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam. Lakini kiungo kikivimba ghafula, kikawa cha moto, na mtu ana homa, hayo si maradhi haya. Apelekwe hospitali upesi.

Basi, bibi yako akichelewa kusimama, usimdhanie mvivu. Mchotee maji, mbebee kuni. Lakini usimwache alale kutwa kwa kumhurumia. Mshike mkono, mtembee pamoja hata kwa jirani na kurudi, maana goti lake lahitaji mwendo kama lihitajivyo pumziko.