Kufyonza au Kunasa? Plastiki Inayoondoa Tanini Majini

Mwanafunzi wa mwaka wa tatu aliniletea tafsiri ya makala ya sayansi ambamo plastiki "ilifyonza" tanini kutoka majini. Sarufi haikuwa na kasoro, lakini sayansi ilikuwa imepotea. Kiingereza kina vitenzi viwili vya jambo hili vinavyotofautiana kwa herufi moja tu, b na d, naye alikuwa amevitafsiri vyote kwa neno moja.

Tanini ndiyo inayoipa chai ya rangi ukakasi wake. Imo pia katika magome ya mikoko na muwati, ambayo hutumika kutengenezea ngozi. Majani na magome yakioza mtoni, maji hugeuka rangi ya chai. Rangi peke yake si hatari sana. Lakini mwaka 1974 mwanakemia J. J. Rook wa Uholanzi alionyesha kwamba klorini ikikutana na mabaki ya mimea majini huzaa klorofomu na jamaa zake. Ndiyo maana ni afadhali tanini iondolewe kabla ya klorini kutiwa.

Njia moja ni kupitisha maji katika punje za polima, kwa mfano Amberlite XAD-4, inayotengenezwa kwa stirini na divinilibenzini. Punje zenyewe ni ndogo mfano wa chembe za mchanga, ila zimejaa vitundu visivyoonekana kwa macho. Ukizitandaza kuta zote za vitundu hivyo, gramu moja ina eneo la zaidi ya mita za mraba 700. Gramu 10 zinakaribia uwanja wa mpira! Molekuli ya tanini ina pete za kaboni zisizopatana sana na maji. Ikipita karibu na ukuta wa polima, wenye pete kama hizo, hushikamana nao. Vitundu vikiwa vyembamba mno haipiti, kwa kuwa ni molekuli kubwa.

Sasa turudi kwenye kitenzi. Dodoki hufyonza maji: maji huingia mwilini mwake. Tanini huingia kitunduni, ndiyo, lakini hubaki juu ya ukuta, kama ndege aliyenasa kwenye ulimbo. Kwa sababu hiyo punje huoshwa kwa ethanoli, tanini ikaachia, zikatumika tena. Msomaji aliyeambiwa "imefyonza" atadhani zinakamuliwa.

Wapo wanaotaka tutohoe neno la Kiingereza. Mimi naona kunasa kunatosha, hata kama tayari tunanasa sauti na mawimbi ya redio.

Mwanafunzi alisahihisha kila mahali isipokuwa sentensi moja, iliyosema kwamba punje huvimba kidogo zikitiwa katika ethanoli. Aliniuliza kama hapo pia abadilishe. Nilimwambia aache: hapo ethanoli huingia ndani ya plastiki yenyewe, na kufyonza ndilo neno lake.