Taswira haitembei kwa kasi ya kitu

Swali ni lilelile kila muhula, na hata walimu huniletea: mshumaa ukisogezwa kuelekea lenzi mbinuko kwa sentimita 2 kwa sekunde, taswira yake inakwenda kwa kasi gani? Muuliza huwa tayari ana jibu: sentimita 2, kwa mwelekeo wa kinyume, kwa sababu taswira imepinduka. Hapana! Jibu hilo lina makosa mawili, na mshumaa, lenzi na karatasi nyeupe vinatosha kuyaonyesha yote.

Kupinduka kunahusu juu na chini, kulia na kushoto. Ukiupeleka mshumaa kulia, taswira huenda kushoto. Hapo mko sahihi. Lakini ukiusogeza kwenye mhimili kuelekea lenzi, taswira husonga mwelekeo uleule, ikizidi kuwa mbali na lenzi.

Sasa kasi. Chukua lenzi yenye urefu wa fokasi wa sentimita 10. Mshumaa ukiwa umbali wa sentimita 30, taswira iko 15. Usogeze hadi 20, taswira nayo inafika 20: mshumaa umekwenda 10, taswira 5 tu. Kutoka 20 hadi 15, taswira inafika 30. Kutoka 15 hadi 12, inafika 60. Kutoka 12 hadi 11, sentimita moja pekee, inafika 110. Kadiri kitu kinavyoikaribia fokasi, miale hutoka kwenye lenzi ikikaribia kuwa sambamba, na mahali inapokutana hukimbilia mbali. Kasi ya taswira ni kasi ya kitu mara mraba wa ukuzaji. Kwa taswira inayoangukia karatasini, kasi hizo mbili hulingana mahali pamoja tu, kwenye umbali wa mara mbili ya urefu wa fokasi. Kuwakaririsha watoto "kasi ileile" ni kuwanyima fizikia yenyewe.

Hili linawahusu hata wapiga picha wa simu. Kwa lenzi ya fokasi ya milimita 5, gari likija kutoka mita 20 hadi 10, taswira husogea kama sehemu moja ya elfu ya milimita. Nyuki akija kutoka sentimita 10 hadi 9, husogea takriban mara 25 ya hapo. Kamera huenda isiwahi kuifuata taswira hiyo. Kwa hiyo, ukimpiga nyuki picha, rudi nyuma kidogo, picha utaikata baadaye, funga fokasi kwenye ua kabla nyuki hajafika, piga mfululizo, tafuta jua ili kamera iweze kupiga kwa 1/1000 ya sekunde.