Mafuta ya CBD: Jina, Utengenezaji na Matumizi Yake

Mkaazi wa Kware, katika mitaa ya mashariki mwa Nairobi, asikiapo herufi CBD hukumbuka kwanza kitovu cha jiji, ambako matatu humfikisha kila asubuhi. Hata hivyo, herufi hizo husimamia pia kanabidioli, kemikali mojawapo ya mmea wa bangi. Makala haya yananuia kufafanua maana hii ya pili, kwani utata wa jina unaweza kuzaa madhara.

Ieleweke kwamba kanabidioli si tetrahidrokanabinoli, yaani THC, ambayo ndiyo humlevya mvutaji. Roger Adams aliitenga kanabidioli nchini Marekani mwaka 1940. Muundo wake ukabainishwa mwaka 1963 na Raphael Mechoulam, mwanakemia wa Israeli.

Katika utengenezaji, maua ya mmea hukaushwa, husagwa na kupashwa moto ili asidi iliyomo igeuke kanabidioli. Kisha utomvu hukamuliwa kwa alkoholi, au kwa kaboni dayoksaidi iliyoshindiliwa. Utomvu huo huyeyushwa katika alkoholi na kupozwa mno hadi nta ijitenge, ichujwe. Alkoholi nayo huvukizwa. Kisaliacho huchanganywa na mafuta ya kula, kwa mfano ya nazi. Aghalabu matone yake hutiwa chini ya ulimi.

Kuhusu tiba, ushahidi thabiti zaidi unahusu kifafa. Mwaka 2018, Marekani iliidhinisha dawa ya Epidiolex kwa aina mbili za kifafa kikali kinachoanzia utotoni. Madai mengine mengi hayajathibitishwa kwa kiwango hicho. Aidha, kanabidioli huweza kudhuru ini na kuingiliana na dawa nyingine, kama vile warfarini, ambayo huzuia damu kuganda.

Nchini Kenya, sheria ya mwaka 1994 ya kudhibiti dawa za kulevya inaharamisha bangi. Kwa hivyo, mzazi mwenye mtoto wa kifafa akiuziwa vichochoroni kichupa kisichopimwa, huenda akamnywesha mwanawe THC, naye mwenyewe akashtakiwa. Hatari kubwa zaidi ni kuacha dawa aliyoandikiwa na daktari.

Jina "mafuta ya bangi" huchanganya kemikali hizi mbili. Istilahi "mafuta ya kanabidioli" ingefaa zaidi, mradi mwuguzi na mzazi waielewe kwa namna moja.