Uaminifu Wako Usiwe Chambo

Mama aliyeko Kitui au Makueni, sawa na aliye kwetu pwani, huletewa ujumbe kwamba fedha zimeingia simuni mwake kimakosa. Papo hapo mtu humpigia, akimsihi azirejeshe. Kwa kuwa mali ya mtu si halali kwake, hufanya hima kuzituma. Kumbe hakuna kilichoingia, ametuma akiba yake mwenyewe.

Dada, tazama salio kwanza. Ujumbe wa kweli huja kwa jina la MPESA, si kwa nambari ya mtu. Zikiwa zimeingia kweli, aliyekosea na aombe Safaricom imrejeshee, kupitia 456. Ujumbe wa ulaghai upeleke 333. Nambari ya siri usimpe yeyote, hata akidai ametoka benki.

Kurejesha mali ya watu ni wajibu. Riziki ya wanao nayo ni amana.